Kamera Inayopiga Hodi

Kwetu Al Khuwair, Alhamisi usiku ni usiku wa picha. Isha ikishaswaliwa, mama hukaa chini kwenye godoro la majilisi, mgongo kautegemeza mtoni, goti bovu kalinyoosha, dele la kahawa ubavuni na halua iliyobaki ya wageni wa juzi. Mimi nina kazi mbili: kuchagua picha na kuifasiri. Maandishi yanayopita chini ya skrini mama hayataki. Anasema yanakimbia kama mtu anayedaiwa. Basi mtu akisema neno kwa Kijapani au Kiajemi, namtilia kwa Kiswahili cha Unguja, na pakiwa kimya na mimi nanyamaza. Dar es Salaam watu walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo, mabingwa wa kuifanya picha ya kigeni iseme lugha ya mtaa. Mama ana mimi tu, na ujira wangu ni kahawa.

Mwaka jana tulitazama picha 43. Kila moja niliiandika kwenye daftari: jina, mwaka, aliyeitengeneza, na pembeni neno la mama. Sharti lilikuwa neno moja tu, kwa sababu mama akiachiwa mawili hufika mpaka harusi ya shangazi yake. Mwaka ulipokwisha nililifungua daftari nione zipi zilizonikaa moyoni. Nilidhani zitakuwa zile kubwa tulizokwenda kuzitazama kwenye maduka makubwa ya Maskati, zenye viti vya kulalia na sauti inayotikisa kifua. Moja katika hizo ilikuwa na kamera iliyopita tundu la ufunguo, ikaruka juu ya mji, ikazama baharini, ikatoka kavu. Mama alilala kabla haijatoka baharini. Nilizozipigia mstari zilikuwa nyingine kabisa, za nchi mbalimbali na za miaka iliyoachana mbali, na nilikaa nazo siku kadhaa nikitafuta zimefanana wapi. Nililipata jibu siku alipokuja jirani kurudisha sahani. Alisimama ubavuni mwa mlango, akaita hodi, akasubiri.

Sisi tumelelewa na hodi. Mtoto hufundishwa mapema kwamba mbele ya mlango hapasimamwi. Husimama pembeni, jicho lisije likatangulia mguu. Unaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usipojibiwa unageuka ulikotoka, na huna haki ya kununa. Picha zilizonikaa moyoni zote zilipigwa na watu wenye adabu hiyo. Kabla mwigizaji hajafumbua mdomo, kuna mtu ameamua kamera ikae wapi, juu kiasi gani, mbali kiasi gani, na itulie hapo kwa muda gani. Sisi watazamaji hatumwoni mtu huyo, wala hatuulizi. Lakini tukitoka senema tukiwa tumewaonea huruma watu fulani, au tumewacheka, au tumewaogopa, kazi hiyo aliimaliza yeye zamani.

Picha ya kwanza kuipigia mstari ni *Tokyo Monogatari*, Hadithi ya Tokyo, ya Yasujiro Ozu, ya mwaka 1953. Wazee wawili wanatoka mji mdogo wa Onomichi kwenda Tokyo kuwatembelea watoto wao waliokwisha kuwa watu wazima. Watoto wana kazi, wana wateja, wana shughuli. Wazee wanapelekwa Atami, kwenye nyumba ya wageni ya pwani, ili wasiwe njiani. Anayewakirimu kwa moyo ni Noriko, mke wa mtoto wao aliyefia vitani. Wanarudi kwao, na mama mtu anafariki.

Mama hakumjua Ozu wala hakuniuliza. Dakika kumi hazijafika akasema, "Huyu mpiga picha kakaa chini kama sisi." Na ndivyo. Ozu na mpiga kamera wake, Yuharu Atsuta, waliiweka kamera chini, kwenye usawa wa mtu aliyekaa mkekani, na pengine chini zaidi, kisha wakaiacha hapo karibu bila kuitikisa. Faida yake huioni mpaka picha ifike katikati. Wazee wamekaa, macho yao na yetu yamelingana. Watoto wanaingia na kutoka, wamesimama, wana haraka, na kutoka pale chini tunawaona wakipita kama watu wanaopita msibani bila kukaa. Hakuna anayetuambia kwamba watoto wale wamekosea. Kimo cha kamera kimetosha.

Mwanzoni wazee wanafungasha mizigo, na jirani anapita dirishani, anawasalimu na kuwatakia safari njema. Mwishoni jirani yuleyule anapita dirisha lilelile, na ndani amebaki mzee mmoja, upepeo mkononi. Maneno yao ni machache na ya kawaida. Nilimaliza kuyafasiri nikaona mama anatazama mahali pa wazi kando ya mzee, pale alipokuwa amekaa mkewe. Ozu alipaacha wazi kwa makusudi. Mzee yule aliigizwa na Chishu Ryu, na alikuwa na miaka 49 tu wakati huo. Uzee wake ulikuwa namna ya kukaa na namna ya kuitikia. Neno la mama daftarini: *Mkeka*.

Mwezi wa Februari, baridi yetu ndogo ya Maskati haijaondoka, tukatazama picha ya Abbas Kiarostami, *Nyumba ya Rafiki Iko Wapi?*, ya mwaka 1987. Kisa chake kinaenea kwenye kiganja. Mtoto Ahmad, wa kijiji cha Koker kaskazini mwa Iran, amechukua kwa makosa daftari la mwenzake wa darasani. Mwalimu ameapa kwamba yule mwenzake akiandika tena kazi yake nje ya daftari, atafukuzwa. Basi Ahmad anakimbia mpaka kijiji cha pili, Poshteh, kulirudisha, na nyumba haijui. Picha nzima ni mtoto anayebisha milango.

Kati ya vijiji hivyo kuna kilima, na ubavuni mwa kilima kuna njia inayopinda kushoto na kulia kama uzi uliotatizwa, na juu kabisa mti mmoja. Njia ile Kiarostami aliitengenezesha kwa ajili ya picha. Mtoto anaipanda, anaishuka, anaipanda tena, na kamera imesimama mbali, inamwacha akimbie. Ingelisogezwa karibu tungeliona jasho lake. Kutoka mbali tunauona udogo wake, na jinsi wajibu alioubeba ulivyo mrefu kuliko miguu yake.

Lakini iliyomwinua mama kwenye mto ilikuwa sehemu ya usiku. Ahmad anakutana na mzee seremala, fundi wa milango na madirisha ya mbao, na mzee anakubali kumwongoza. Wanatembea vichochoroni taratibu, maana mzee ana miguu ya kizee, na mtoto amechelewa nyumbani. Mzee anamwonyesha milango aliyoichonga mwenyewe, na anasikitika kwamba siku hizi watu wanataka ya chuma. Taa za ndani zinapenya kwenye kazi ya mbao, nakshi zinaanguka ukutani na kwenye njia, na wao wawili wanapita katikati ya nakshi hizo. Mtu mwenye pupa angelikata hapa, ampeleke mtoto haraka anakokwenda. Kiarostami anamfuata mzee kwa mwendo wa mzee. Nilitaka kumweleza mama kinachosemwa, akanikatiza: "Mwache mzee aseme. Nani mwengine atamsikiliza?" Mlango wa nyumba aliyokulia mama, Malindi, Unguja, ulikuwa na misumari ya shaba aliyokuwa akiihesabu akiwa mdogo, akitumwa kungojea mtu na mtu hajafika.

Daftari la mtoto halimfikii mwenyewe usiku ule. Ahmad anarudi, anaiandika kazi ya mwenzake yeye mwenyewe, na asubuhi mwalimu anapofunua ukurasa kutia sahihi, kuna ua lililolazwa ndani, ua alilopewa na yule mzee. Picha inaishia hapo. Neno la mama: *Mlango*.

Kuna wakati anayefungiwa nje ni fundi mwenyewe. Mwaka 2012 Haifaa al-Mansour alitoa *Wadjda*, filamu ndefu ya kwanza kupigwa yote ndani ya Saudia, na kwa wakati ule nchi nzima haikuwa na jumba la senema lililo wazi. Majumba hayo yalirudi mwaka 2018. Palipohitajika kupiga picha barabarani Riyadh, mwanamke huyu hakuweza kusimama hadharani na kuwaamrisha mafundi wanaume. Akajifungia ndani ya gari, akawa anatazama kwenye skrini ndogo na kuwaelekeza kwa simu ya upepo. Kisa chake ni cha msichana anayetaka baiskeli. Mara ya kwanza anapoiona, haioni kama tunavyoona bidhaa dukani: ukuta mrefu, na juu ya ukuta baiskeli ya kijani inateleza peke yake hewani. Ni gari linapita upande wa pili, limeibeba juu. Mtoto haoni gari, basi na sisi hatulioni. Nikikumbuka aliyeipanga picha hiyo alikuwaje siku za kazi, amekaa ndani ya chombo, anautazama mtaa wake kupitia kioo kidogo, naona alijua vizuri mtu huonaje akiwa upande wa pili wa ukuta. Halati yangu alikuwepo usiku ule, na yeye na mama walibishana mpaka saa sita kama yule mama mtu alifanya vizuri kuinunua ile baiskeli. Daftarini: *Hongera*. Sijui alimpongeza nani.

*Supa Modo*, ya Mkenya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, niliiogopa. Ni picha ya mtoto mgonjwa, na mtoto mgonjwa kwenye skrini ni njia nyepesi ya kumtoa mtu machozi: unaisogeza kamera kitandani, unaweka kinanda, umemaliza. Jo ana miaka tisa na maradhi yasiyopona. Anapenda picha za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na anarudishwa nyumbani kijijini akaishi siku zake zilizobaki. Dada yake, Mwix, anawashawishi majirani wamfanye Jo aamini kwamba nguvu hizo anazo. Kuna mechi ya mpira ambapo Jo "anasimamisha wakati": wachezaji wote wanaganda walipo, mguu juu, mikono hewani, na yeye anautembeza mpira katikati yao mpaka golini.

Pale niliona ufundi wenyewe. Ugonjwa hatuonyeshwi kwa karibu. Tunachoonyeshwa kwa karibu ni nyuso za watu wanaojizuia wasicheke na wasilie. Kwa dakika 74 kamera inakaa kwenye kimo cha Jo, na watu wazima wanapohuzunika, huhuzunika kidogo pembeni, kama wafanyavyo watu wazima wa kweli mbele ya mtoto. Mtu anayeonyesha picha pale kijijini ndiye anayekuja kuwaongoza majirani watengeneze filamu ya Jo mwenyewe, stelingi akiwa yeye. Nilitazama picha ile nikiwa na kazi ndogo tu ya kufasiri, Kikuyu kidogo na Sheng kidogo, na mara mbili sauti ilinikwama. Neno la mama: *Majirani*.

Halafu ikaja Alhamisi ambayo sikuwa na kazi kabisa. *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi, na inasimama Zanzibar ya miaka ya 1950: Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mtu mzima na kukimbia, Mwajuma rafiki yake, na Denge, anayepigania kuwaondoa Waingereza. Ilionyeshwa Toronto, na ikawa picha ya pili ya Tanzania kupelekwa kushindania Oscar, baada ya *Maangamizi* ya mwaka 2001. Hayo nilimwambia mama kabla ya kuwasha, naye akaniambia nipunguze maneno.

Mpiga picha wake, Zenn van Zyl, hakuogopa giza. Vichochoro vimeachwa na kiza chao, na mwanga unaingia pale tu ambapo ungeingia kweli, mlangoni, dirishani, kwenye taa ya mtu. Watu unawasikia kabla hujawaona. Mama alifumba macho. Nilidhani amelala kama kwenye ile picha ya baharini, kumbe alikuwa anasikiliza. Kiswahili kile hakuhitaji kutafsiriwa, na kilikuwa kinamjia kutoka kwenye spika mbili nilizozinunua Ruwi.

Ilipokwisha hakutoa neno. Akaanza kunieleza senema za kwao: Empire, Sultana, na Majestic pale Vuga, iliyojengwa upya mwaka 1955 baada ya jengo la mwanzo kuungua. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na bibi yangu alikuwa hakosi. Mabuibui yamejaa ngazi, watoto wamebebwa, karanga zimefungwa kwenye karatasi, na Raj Kapoor wa *Awaara* anaimba, na ukumbi mzima unaimba naye kwa lugha ambayo wengi wao hawakuijua. Bibi akirudi nyumbani alikuwa anaisimulia picha nzima kwa waliobaki, tangu mwanzo mpaka mwisho, na kila akisimulia inarefuka. Kumbe kazi yangu ya Alhamisi nimeirithi. Usiku sana mama akaniambia niandike: *Nyumbani*. Kisha akasema nifute, niandike *Sauti*. Nikaandika *Sauti*.

Oman nayo imeanza kujiandikia picha zake. *Al-Boom* ya Khalid Al Zadjali, ya mwaka 2006, ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Oman. Lakini iliyonigusa mimi ni fupi, *Cholo* ya Muzna Almusafer. Cholo ana miaka 11, na kwa mara ya kwanza anakutana na mdogo wake, ambaye rangi yake ni nyeupe kuliko yeye. Basi. Jambo hilo katika nyumba zetu za Maskati linajulikana na kila mtu na halisemwi na mtu, na Muzna hakulisema pia. Amewaweka watoto wawili pamoja, akawaacha watazamane. Neno la mama lilitoka upesi, nadhani alikuwa nalo tangu zamani: *Damu*.

Kuna ukurasa mmoja wa daftari hauna neno lake, kwa sababu picha ile niliitazama peke yangu, mchana, mlango nimeufunga. *Africa Addio* ya Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, ya mwaka 1966. Watu wetu wengi wameviona vipande vyake kwenye simu bila kujua jina lake: Zanzibar ya Januari 1964, baada ya mapinduzi ya tarehe 12, imepigwa kutoka angani. Ndege inapita, na chini kuna watu wadogo kama chungu, na maiti. Filamu hiyo ilishutumiwa sana kwa dharau yake kwa Waafrika, na shutuma zile ni za haki.

Nimejaribu kuihukumu kwa kipimo changu cha hodi, na kipimo kikanisumbua. Kamera ile haikubisha kwa mtu. Kutoka juu kule huoni uso, hujui nani ni mama wa nani, na sauti ya msimulizi inajaza pale ambapo pangekuwa na jina la mtu. Hata hivyo, kama wasingelipita, siku zile zisingekuwa na picha inayotembea ya namna hiyo, na kuna watu katika mji huu walioitazama wakitafuta paa la nyumba yao. Siwezi kusema ingelikuwa bora isiwepo. Ninachoweza kusema ni kwamba kuona na kutembelea ni vitu viwili, na mtu aliyekuona kutoka juu hajakutembelea. Niliifunga kompyuta, na mama aliporudi kutoka kwa halati nikamwambia nilikuwa na kazi ya ofisi.

Ndipo nikataka kupiga yangu. Nilitaka mama asimulie, nimrekodi kwa simu, iwepo. Mara ya kwanza nilisimama mbele yake, simu juu, taa imewashwa, nikasema, "Mama, sema basi." Akaanza kuvuta mtandio, akajibu neno mojamoja kama mtu aliyeitwa kituoni. Video ile ina dakika mbili. Ukiitazama unamwona bibi mzee aliyetazamwa kutoka juu.

Alhamisi ya mwisho ya mwaka nilifanya vyengine. Niliweka simu juu ya mikebe miwili ya maziwa, kwenye usawa wa mto, nikaielekeza kwake na kwa mahali pa wazi kando yake, ambapo bibi yangu alikuwa akikaa alipokuwa hai. Taa ya juu nikaizima, nikaacha ya pembeni. Nikakaa chini na mimi, nikamimina kahawa.

"Ushawasha?"

"Bado, mama. Nawasha ukisema."

Akanywa mpaka kikombe kikabaki machicha. "Haya, washa."

Alianza na karanga za Empire. Akaja kwenye viatu vya Idi vilivyombana, akaja kwenye mlango wa Malindi na misumari yake, safu kwa safu, akihesabu kwa kidole hewani. Alifika kwenye mwezi wa Shaaban wa mwaka ule wa mapinduzi, ndiyo Januari, akasimama. Nikamuuliza taratibu, "Na baada ya hapo?" Akatazama kikombe. Nikangojea, kisha nikamuuliza tena, kwa maneno mengine. Akasema kahawa imepoa. Mara ya tatu niliita jina lake tu, mama, na yeye akanyanyua kiganja, akakigeuza kidogo, kama mtu anayerudisha mlango pole pole ili usigonge.

Nikanyoosha mkono, nikaizima simu, nikaenda kupasha kahawa.